Barua ya Bwana Shamba: Kivuko Kilichogeuka Mji

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani. Mwezi huu tutaliweka jembe chini kidogo. Tutasafiri mbali, mpaka Uingereza. Usiogope nauli. Tutasafiri kwa kusoma, na nauli yake ni macho yako tu.

Safari hii imeanzia kwenye swali. Jioni moja nilikaa na wanafunzi wa darasa la watu wazima katika kijiji kimoja ninachokihudumia. Kijiji hicho kina gulio kila wiki. Lakini kati ya gulio na vitongoji vya ng'ambo kuna mto. Watu huvuka kwa kupita juu ya magogo. Kila masika magogo hayo huchukuliwa na maji. Siku hizo wa ng'ambo hawaji, na nyanya za akina mama huoza kwenye matenga.

Mzee mmoja akaniuliza, "Bwana Shamba, hawa Wazungu walizaliwa na miji yao? Au nao walianza na magogo kama sisi?"

Nilicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Nikamwambia nitamjibu kwa mfano wa mji mmoja. Mimi sijafika huko. Nimesoma habari zake, na habari hizo ndizo ninazokuletea leo.

MJI WENYEWE

Mji huo unaitwa Stratford-upon-Avon. Maana yake ni Stratford ulio kando ya mto Avon. Uko katikati ya Uingereza, katika jimbo la Warwickshire. Kutoka London, mji mkuu wa nchi hiyo, ni kama kilomita 150 kuelekea kaskazini-magharibi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, mji huo ulikuwa na wakazi 30,000 hivi. Kwa hiyo si mji mkubwa. Lakini unajulikana dunia nzima.

Hebu tulitazame jina lake. Katika Kiingereza cha zamani, sehemu ya kwanza ya jina maana yake ni barabara. Sehemu ya pili maana yake ni mahali mtoni penye maji machache, ambapo mtu aweza kuvuka kwa miguu. Kwa hiyo Stratford ni mahali ambapo barabara huvuka mto. Barabara hiyo ilijengwa na Warumi walipoitawala nchi hiyo zamani sana.

Na Avon je? Avon ni neno la lugha ya kale ya wenyeji wa nchi hiyo. Maana yake ni "mto". Basi anayesema "mto Avon" amesema "mto Mto"! Hata sisi tuna mito mingi ambayo wazee waliiita kwa jina la maji tu.

Umeona, ndugu msomaji? Jina lenyewe limekwisha kumjibu mzee wetu. Mahali hapo palianza kama kivuko.

KIJIJI CHA WAKULIMA 28

Mwaka 1086 mfalme wa Uingereza alitaka kujua mali yote ya nchi yake. Makarani walipita kila mahali wakaandika. Waliandika mashamba, plau, vinu na watu.

Walipofika Stratford, waliandika wakulima 28, kila mmoja na nyumba yake, na padre mmoja. Waliandika pia kinu kimoja cha kusaga nafaka kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto. Kodi ya kinu hicho ilikuwa shilingi 10 za Kiingereza kwa mwaka, pamoja na mikunga 1,000. Mikunga ni wale samaki warefu kama nyoka.

Basi, miaka zaidi ya 900 iliyopita Stratford kilikuwa kijiji kidogo kuliko vijiji vyetu vingi vya leo. Kilikuwa na kivuko, kinu, kanisa na samaki. Ardhi yote ilikuwa mali ya askofu wa Worcester. Wakulima walipaswa kumfanyia kazi katika mashamba yake.

SOKO LAANZISHWA

Mwaka 1196 askofu mmoja, jina lake John wa Coutances, alifikiri jambo. Aliona kwamba kivuko kinakusanya watu. Aliona pia jambo lingine ambalo mimi, Bwana Shamba, nimelipenda sana.

Kaskazini ya mto kulikuwa na nchi iitwayo Arden. Huko kulikuwa na misitu na malisho. Watu wa Arden walikuwa na ng'ombe, ngozi, mbao na kuni. Kusini ya mto kulikuwa na nchi iitwayo Feldon. Huko kulikuwa na mashamba makubwa ya wazi, yenye ngano na shayiri. Watu wa Arden walihitaji nafaka. Watu wa Feldon walihitaji mbao na mifugo. Wakutane wapi? Wakutane kivukoni.

Askofu akaomba ruhusa kwa Mfalme Richard wa Kwanza. Akapewa ruhusa ya kufungua soko kila siku ya Alhamisi. Kisha akapima viwanja. Kila kiwanja kilikuwa na upana wa mita 18 hivi na urefu wa mita 60 hivi. Mbele mtu alijenga nyumba na duka. Nyuma alilima bustani au alifuga. Kodi ilikuwa shilingi 1 kwa mwaka. Aliyechukua kiwanja alilipa fedha hiyo, na hakulazimishwa tena kumlimia askofu.

Je, watu walikuja? Walikuja sana. Wengi walitoka vijiji vya karibu, wakaleta ufundi wao. Walikuja wafumaji, wachuna ngozi, wahunzi, maseremala na waoka mikate. Kufika mwaka 1252, miaka 56 tu baadaye, kulikuwa na viwanja 240 hivi vilivyochukuliwa.

Mitaa waliyoipima watu wale ingali ipo. Mtaa mmoja unaitwa Mtaa wa Kondoo, na mwingine Mtaa wa Kuni. Pengine ni mahali paitwapo Rother, neno la zamani la ng'ombe wenye pembe. Majina hayo yanatuambia kila bidhaa ilikuwa na mahali pake.

Soko hilo lilikuwa na sheria. Baadaye mji ulichagua wakaguzi wa mikate na pombe. Kazi yao ilikuwa kuonja pombe na kupima uzito wa mikate. Aliyepunja watu alishtakiwa na kutozwa faini. Walijua kwamba mnunuzi akipunjwa leo, wiki ijayo atakwenda soko lingine.

DARAJA

Sasa tuje kwenye mto. Kivuko ni kizuri wakati wa kiangazi. Lakini Avon hufurika. Watu wa Stratford walijenga daraja la miti, lakini lilikuwa bovu, na halikuwa na tuta la kupitia pande zote mbili. Msafiri mmoja, John Leland, alifika huko kama mwaka 1540. Aliandika kwamba zamani, mto ulipojaa, watu wengi walikataa kwenda Stratford. Waliokwenda walihatarisha maisha yao.

Hebu nikuulize, ndugu msomaji. Je, habari hii ni ngeni kwako?

Daraja lililofuata lilijengwa na mtu mmoja aitwaye Hugh Clopton. Alizaliwa karibu na Stratford. Alipokuwa kijana alikwenda London akafanya biashara ya nguo. Akatajirika. Mwaka 1491 akachaguliwa kuwa meya wa London. Lakini hakusahau alikotoka. Alirudi akajenga nyumba yake Stratford. Kisha, kwa fedha zake, akajenga daraja la mawe lenye matao 14, pamoja na tuta refu la kulifikia. Alikufa mwaka 1496. Hakuwa na mke wala mtoto. Daraja hilo ndilo linaloendeleza jina lake mpaka leo.

Mwaka 1645, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, askari walivunja tao moja ili adui asivuke. Mwaka 1652 tao hilo lilijengwa upya. Baadaye daraja liliongezwa upana. Leo magari yanapita juu yake, ingawa limetimiza zaidi ya miaka 500. Lilijengwa kwa ajili ya punda na mikokoteni, lakini lilijengwa kwa mawe, na lilitunzwa.

CHAMA, BARAZA NA SHULE

Usidhani kwamba mji huo ulijengwa na matajiri na maaskofu tu. Watu wa Stratford walikuwa na chama chao cha kusaidiana. Wanachama walitoa michango. Chama kilikuwa na ukumbi, kanisa dogo, shule na nyumba za wazee wasiojiweza.

Mwaka 1547 serikali ya Uingereza ilivunja vyama vya namna hiyo na kuchukua mali yao. Kwa muda mji ulikuwa kama nyumba isiyo na nguzo. Lakini mwaka 1553 Mfalme Edward wa Sita aliupa mji huo hati ya kujitawala. Wakaunda baraza lenye wazee wa mji 14 na wajumbe 14. Kila mwaka walimchagua mwenyekiti. Mali iliyokuwa ya chama ikarudi mikononi mwa mji.

Baraza hilo lilipaswa kumlipa mwalimu wa shule paundi 20 kwa mwaka. Huo ulikuwa mshahara mzuri kwa siku zile. Watoto wa kiume wa mji walisoma bila kulipa ada. Shule hiyo ipo mpaka leo, na nyumba za wazee zipo mpaka leo.

TAKA, TAUNI NA MOTO

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa pana mafunzo ya afya.

Nyumba za Stratford za wakati ule hazikuwa za ajabu. Zilijengwa kwa nguzo za miti, zikajazwa fito, zikakandikwa udongo. Nyingi ziliezekwa kwa nyasi. Umezitambua? Ni nyumba tunazozijua sisi. Na shida zao tunazijua pia.

Mwaka 1552 fundi mmoja aitwaye John Shakespeare alitozwa faini ya peni 12. Peni 12 ni shilingi 1, yaani sawa na ile kodi ya kiwanja ya mwaka mzima. Kosa lake lilikuwa nini? Yeye na wenzake wawili walirundika samadi na taka barabarani, badala ya kuzipeleka mahali palipowekwa. Mimi husema kila siku kwamba samadi ni mali. Lakini mali hiyo ikae shimoni na shambani. Ikikaa mlangoni ni ugonjwa.

Mwaka 1564 tauni iliingia Stratford. Kuanzia mwezi Julai mpaka mwisho wa mwaka walikufa watu zaidi ya 200, katika mji uliokuwa na watu wapatao 1,500 tu. Fikiri mwenyewe, katika kila watu 7 au 8 alikufa mmoja. Mwezi Agosti baraza lilifanya mkutano wake nje, bustanini, ili wajumbe wasiambukizane. Wakachanga fedha za kuwasaidia maskini.

Kisha ukaja moto. Mwaka 1594 nyumba nyingi ziliungua. Mwaka 1595 zikaungua tena. Tarehe 9 Julai 1614, katika muda usiofika saa mbili, nyumba 54 ziliteketea. Nyasi za nyumba moja zikishika moto, upepo huupeleka kwa jirani. Ndipo baraza likapiga marufuku mapaa ya nyasi mjini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

NAFAKA GHALANI, NJAA MLANGONI

Kati ya mwaka 1594 na 1597 mvua zilizidi, na mavuno yalikuwa mabaya miaka mfululizo. Bei ya nafaka ilipanda sana. Maskini walilia. Lakini Stratford palikuwa na watu wengi waliofanya kazi ya kuotesha shayiri ili ipatikane kimea cha pombe. Watu wakanung'unika: nafaka ipo, lakini imefungiwa.

Serikali ikaagiza nafaka zote ghalani ziandikwe. Februari 1598 makarani walipita nyumba hadi nyumba. Katika nyumba moja kubwa waliandika kimea kiasi cha madebe 140 hivi, yale ya lita 20. Mwenye nyumba alikuwa William Shakespeare, mtoto wa yule John wa rundo la samadi. Huyu William ndiye mtunzi maarufu kuliko wote wa lugha ya Kiingereza. Majirani zake wengine walikuwa na kimea kingi zaidi. Lakini hata yeye aliandikwa, na jina lake lipo katika orodha hiyo mpaka leo.

SHAMBA LA WOTE

Mwaka ule ule wa moto, 1614, lilizuka jambo jingine. Kaskazini ya mji palikuwa na mashamba ya Welcombe. Watu wengi walikuwa na vipande vyao humo na haki ya kuchunga. Tajiri mmoja, William Combe, alitaka kuyazungushia ua, ayageuze malisho ya kondoo wake. Kondoo walileta fedha nyingi, na mchungaji mmoja aliweza kuchunga pale ambapo zamani wakulima wengi walilima.

Combe akaanza kuchimba handaki la mpaka, refu zaidi ya mita 250. Baraza la mji likakataa. Januari 1615 wajumbe wawili walikwenda na majembe kulifukia. Watu wa Combe wakawaangusha chini. Yeye alikuwa juu ya farasi akicheka.

Kesho yake wanawake na watoto wa Stratford na wa kijiji jirani cha Bishopton walikwenda huko. Wakalifukia handaki lote.

Baraza lilipeleka shauri kwa jaji, na mwaka 1615 jaji akatoa amri ya kumzuia Combe. Combe hakukubali upesi. Lakini mwishoni alishindwa, na ua haukuwekwa.

Na mtunzi wetu Shakespeare alikuwa upande gani? Alikuwa amenunua haki ya kupata sehemu ya zaka za mazao ya mashamba hayo. Mwaka 1614 alifanya mkataba wa kulinda mapato yake mwenyewe, ua uwekwe au usiwekwe. Mtu mkubwa hawi mkubwa katika kila jambo. Siku ile, wakubwa walikuwa wale wanawake wenye majembe.

ALAMA NA SAINI

Sasa nakuja kwenye jambo linalokuhusu wewe hasa, uliyejifunza kusoma ukubwani.

Yule John Shakespeare alikuwa fundi wa kushona glavu za ngozi. Alichaguliwa kuwa mkaguzi wa mikate na pombe mwaka 1556. Mwaka 1568 akawa mwenyekiti wa baraza la mji. Lakini katika karatasi za baraza hakuandika jina lake. Aliweka alama. Wataalamu wengi wanaamini kwamba hakujua kuandika.

Mtoto wake William alikwenda shule, ile ya mwalimu wa paundi 20. Akaandika michezo ya kuigiza zaidi ya 35. Michezo hiyo imetafsiriwa katika lugha nyingi. Hapa kwetu Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri miwili kwa Kiswahili, "Juliasi Kaizari" na "Mabepari wa Venisi".

Lakini sikiliza mwisho wake. William alikuwa na binti aitwaye Judith. Mwaka 1611 Judith aliitwa kuwa shahidi katika hati ya kuuza nyumba. Mtoto wa mtunzi mkubwa kuliko wote wa Kiingereza hakuandika jina lake. Aliweka alama, kama babu yake. Kwa nini? Shule ya mji ilikuwa ya wavulana tu. Shule hiyo ilianza kupokea wasichana mwaka 2013, tena katika madarasa ya juu peke yake. Zilipita zaidi ya miaka 400.

Ndugu msomaji, nyumba inayompeleka shule mtoto wa kiume peke yake inaweza kupata mtunzi mkubwa leo. Kesho itarudi kwenye alama ya dole gumba.

MTO ULIOKUFA UKAFUFUKA

Mwaka 1636 mtu mmoja aitwaye William Sandys alipata ruhusa ya kuutengeneza mto Avon ili mashua za mizigo zipite. Alijenga mabwawa yenye milango ya kupandisha na kushusha maji. Mwaka 1816 mfereji mrefu wa kuchimbwa ulifika Stratford ukileta makaa ya mawe. Lakini mwaka 1859 reli ilifika mjini. Mizigo ikahamia kwenye gari moshi. Mfereji ukajaa matope, milango ya mtoni ikaoza.

Baada ya miaka mingi watu walisema, "Mto huu ni wetu. Tuuache ufe?" Wakajitokeza watu wa kujitolea. Wafungwa nao walisaidia kazi hiyo. Walichimba matope na kujenga milango upya. Mfereji ulifunguliwa tena mwaka 1964. Sehemu ya juu ya mto ilifunguliwa mwaka 1974. Leo mashua zinazopita ni za matembezi, na kando yake bata maji weupe huogelea.

Siku hizi Stratford inaishi zaidi kwa wageni. Wanakuja kuona nyumba aliyozaliwa Shakespeare na kaburi lake katika kanisa lililo kando ya mto. Kuna jumba kubwa la michezo ya kuigiza. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1879 na kuungua mwaka 1926. Jipya lilifunguliwa mwaka 1932. Mto bado hufurika. Mwaka 2007 maji yaliingia mjini. Lakini soko la wiki lingalipo, karibu na pale palipouzwa ng'ombe wenye pembe.

Kila Oktoba kuna sherehe kubwa mitaani. Zamani siku hiyo wafanya kazi wa mashambani walisimama mtaani wakingoja kuajiriwa kwa mwaka mzima. Siku chache baadaye kulikuwa na siku ya pili, kwa wale waliokwisha gombana na mabwana wao wapya!

DAFTARI

Nilipomaliza kusimulia haya, darasa lilikuwa kimya. Kisha yule mzee akasema, "Basi sisi tuna kivuko, na gulio tunalo. Tumebakiza daraja."

Mama mmoja wa ng'ambo akamjibu, "Mzee, daraja hatulikosi kwa sababu ya umaskini peke yake. Kila gulio tunalipa ushuru. Nani kati yetu amewahi kusoma daftari la ushuru huo?"

Hakuna aliyejibu. Nami sikuwa na jibu, kwa maana hata mimi sikuwa nimelisoma.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Tumejuaje kwamba kinu kilitoa mikunga 1,000? Tumejuaje faini ya peni 12, madebe ya kimea, na handaki lililofukiwa na wanawake? Kwa sababu makarani waliandika. Habari za Welcombe tunazo kwa sababu karani wa mji, Thomas Greene, aliziandika katika kitabu chake. Wakubwa na wadogo waliandikwa sawasawa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wiki iliyofuata wanafunzi wanne wa darasa lile, wanawake wawili na wanaume wawili, walikwenda kwa karani wa kijiji. Waliomba daftari la gulio lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Karani amekubali. Walioombwa kulisoma mbele ya watu ni wao wenyewe. Yule mama wa ng'ambo anafanya mazoezi ya kusoma tarakimu kila jioni, kwa taa ya kibatari.

Nitahudhuria mkutano huo. Mwezi ujao tutarudi kwenye jembe, tuzungumze juu ya kupanda kwa mistari.

Ni mimi Bwana Shamba wenu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini watu wa Arden na watu wa Feldon walihitaji kukutana? Watu wa kijiji chako wanahitaji nini kutoka kijiji jirani?

2. Hugh Clopton alikwenda mjini, lakini alikumbuka kwao. Je, vijana wenu walio mjini wameombwa kusaidia jambo gani kijijini?

3. Ni mali gani za kijiji chenu ni za wote? Nani anazilinda?

4. Daftari la gulio lenu, au la chama chenu, lilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya watu? Nani kati yenu yuko tayari kulisoma?